Idd Malindi, Krismasi Kakamega: je, siku 21 za likizo zitatosha?

"Mimi ni mwenyeji wa Malindi, ninafanya kazi ya hesabu katika kampuni moja Industrial Area, Nairobi. Kazi ni Jumatatu hadi Jumamosi. Nina siku 21 za likizo, na kila mwaka huisha bila kujua zimeendea wapi: leo siku moja, wiki ijayo mbili. Idd ikifika niko mtupu. Meneja wangu anasema Idd-ul-Azha si sikukuu ya Kenya, nikitaka kuswali nichukue likizo. Mwenzangu anasema ni sikukuu. Nikiomba ruhusa ya Idd-ul-Fitr naambiwa niandike tarehe kamili, na mwezi haujaandama! Ofisi hufungwa baada ya Krismasi hadi Mwaka Mpya, na siku hizo tunakatwa kwenye likizo. Mke wangu kwao ni Kakamega, na kila Desemba jamaa zake wote hukutana. Mwaka 2027 nataka kufunga kumi la mwisho la Ramadhani kwa wazazi wangu, nimpeleke mke wangu kwao, na uchaguzi nao uko. Nipangeje? Na ni kweli siku zisipotumika zinapotea tarehe 31 Desemba?"

Ndugu yangu, maswali yako ni mengi lakini naona dukuduku ni moja: siku unazo, ila zile ambazo wazazi wanakutazamia zikifika, akiba imekwisha. Nimekuwa nikishughulikia likizo za wafanyakazi hapa Nairobi kwa muda mrefu, na hali yako naijua vizuri. Inatokana na kuomba likizo kila haja inapozuka, badala ya kukaa chini mwaka haujaanza, ukazigawa siku zako kwa yale makubwa kwanza. Nitakupa hesabu yangu ya 2027, lakini kwanza tusafishe mambo manne matano unayoambiwa kazini, maana baadhi si kweli na mengine ni nusu ya ukweli.

Meneja wako ana nusu ya ukweli. Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, ina jedwali lenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya Wakenya wote: Mwaka Mpya, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Leba Dei, Madaraka, Mazingira, Mashujaa, Jamhuri, Krismasi, siku inayofuata Krismasi, na Idd-ul-Fitr. Hiyo Idd ndogo haina mjadala, ni ya kila mtu kuanzia Lamu hadi Busia. Sehemu ya pili ina sikukuu za watu wa dini fulani: Idd-ul-Azha kwa Waislamu, na Diwali kwa Wahindu. Kwa hivyo kusema Idd kubwa si ya Wakenya wote ni sawa ukisoma jedwali peke yake. Kusema si sikukuu yako wewe Muislamu ni kosa. Siku ile ni yako kwa sheria, na haipaswi kutolewa kwenye zile 21.

Mwenzako naye ana sababu ya kuamini anavyoamini. Waziri anayesimamia usalama wa ndani anaweza kutangaza sikukuu ya ziada katika Gazeti Rasmi la Serikali, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Idd-ul-Azha: Jumatatu 17 Juni 2024 na Ijumaa 6 Juni 2025 nchi nzima ilipumzika. Watu wakaizoea. Lakini tangazo hilo hutolewa mwaka kwa mwaka, kwa hivyo usilipange kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Panga ukijua kwamba siku yenyewe ni yako kwa dini yako, na tangazo likija, wenzako wasio Waislamu watapumzika pamoja nawe. Ukizungumza na meneja, usiende kumshinda. Mwoneshe jedwali, sehemu ya pili, mstari wa Idd-ul-Azha. Wengi hawajawahi kuliona.

Jambo la pili ni la Jumamosi na Jumapili, na hapa watu hukosea kila mwaka. Sikukuu ya sehemu ya kwanza ikiangukia Jumapili, siku ya kazi inayofuata huwa mapumziko. Ikiangukia Jumamosi, haisogezwi. Anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa huona sikukuu ya Jumamosi imempita hivi hivi. Wewe unayefanya kazi Jumamosi umeipata, kwa sababu siku ambayo ungekuwa kazini hauko. Mwaka 2027 Leba Dei ni Jumamosi, na Krismasi pia ni Jumamosi. Tarehe 10 Oktoba, Siku ya Mazingira, ni Jumapili, kwa hivyo Jumatatu tarehe 11 mnapumzika. Jamhuri nayo ni Jumapili 12 Desemba, mnapumzika Jumatatu tarehe 13. Siku inayofuata Krismasi ni Jumapili 26, inasogea hadi Jumatatu 27.

Lakini hiyo Jumamosi inayokupa sikukuu ndiyo pia inayokula likizo yako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 28, inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi zenye malipo kamili baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Angalia vizuri: siku za kazi. Kwa mwenye juma la siku tano, wiki mbili za likizo humgharimu siku 10. Kwako wewe wa siku sita ni 12. Mnaandikiwa idadi moja kwenye barua ya ajira lakini yeye anakaa nyumbani zaidi ya wiki nne, wewe wiki tatu na nusu. Ndiyo maana kuiga mpango wa rafiki anayefanya kazi benki hakukusaidii. Kama Jumamosi yenu ni nusu siku, uliza leo jinsi inavyohesabiwa kwenye likizo, nusu au nzima, na uombe jibu liwe la maandishi. Katika mwaka mmoja tofauti yake inaweza kufika kama siku mbili.

Na kwa kuwa ni siku za kazi zinazohesabiwa, sikukuu ya umma iliyo katikati ya likizo yako haikatwi. Ukienda likizo wiki yenye Madaraka, unakatwa siku tano, si sita. Hata sikukuu ya ghafla inafuata kanuni hiyo. Serikali ilitangaza mapumziko ya kupanda miti Jumatatu 13 Novemba 2023, ikatangaza mengine Ijumaa 10 Mei 2024 baada ya maafa ya mafuriko, na Ijumaa 17 Oktoba 2025 nchi ikapumzika kumwomboleza Raila Odinga. Aliyekuwa likizoni siku hizo alistahili kurudishiwa siku yake. Wengi hawakuuliza. Wewe uliza.

Sasa kufunga ofisi mwisho wa mwaka. Si ajabu kwa kampuni kufunga, na kama mkataba wako au mwongozo wa wafanyakazi unasema siku hizo zitatoka kwenye likizo ya mwaka, umeshakubali ulipotia sahihi. Lakini kinachoweza kukatwa ni siku za kazi tu. Kwa 2027, kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, siku za kazi ni Jumanne 28 hadi Ijumaa 31 Desemba. Ni nne. Jumamosi 25 ni Krismasi, Jumatatu 27 ni sikukuu iliyosogezwa, na Jumamosi 1 Januari 2028 ni Mwaka Mpya. Nimewahi kuona karatasi ya hesabu ambapo mtu alikatwa siku saba kwa kipindi kama hicho kwa sababu karani alihesabu tarehe kwenye kalenda mfululizo bila kutoa chochote. Omba kuoneshwa hesabu yako ya mwaka uliopita. Wewe ni mtu wa hesabu, dakika tano zitakutosha.

Na ile ya siku kupotea tarehe 31 Desemba? Sheria haisemi hivyo. Inasema likizo inaweza kugawanywa kwa makubaliano, kwamba fungu moja liwe angalau wiki mbili za kazi bila kukatizwa isipokuwa kama mmepatana vingine, kwamba fungu hilo refu lichukuliwe ndani ya ile miezi 12, na kwamba kilichobaki kichukuliwe si zaidi ya miezi 18 baada ya kipindi hicho kuisha. Kampuni inaweza kuwa na utaratibu wake wa kukuhimiza umalize mapema, na mimi naunga mkono kuhimiza huko, maana likizo iliyolundikana huishia kugombaniwa. Lakini kukuambia zimefutwa saa sita usiku wa mkesha wa Mwaka Mpya ni jambo jingine kabisa, na ukiambiwa hivyo omba uoneshwe kifungu.

Lile fungu la wiki mbili ndilo jibu la tatizo lako la mwezi, na hapa nitakaa kidogo.

Umeambiwa uandike tarehe kamili ya Idd-ul-Fitr. Meneja si mkaidi. Anataka kujua nani atafunga hesabu za mwezi, nani atatia sahihi hundi. Lakini mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, na mwaka wake una takriban siku 354, ndiyo maana Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kawaida. Usiku wa 29 wa Ramadhani watu hutazama mbinguni, Kadhi Mkuu hungoja habari kutoka Lamu, Mombasa, Garissa na kwingineko, na tangazo huja usiku ule ule. Tena unajua mwenyewe kwamba wako wanaofuata mwandamo wa Makka na wako wanaongoja mwandamo wa hapa, na familia moja inaweza kuswali Idd siku mbili tofauti. Mwajiri asiye Muislamu hajui haya mpaka aelezwe. Mweleze kwa upole, mara moja, mapema.

Dawa yake ni kutoomba siku moja au mbili zinazozunguka Idd. Liweke lile fungu refu juu ya Idd nzima, ili mwezi uandame upendavyo nawe uko nyumbani. Kwa hesabu za wanajimu, Idd-ul-Fitr ya 2027 itakuwa Jumanne 9 au Jumatano 10 Machi. Chukua likizo kuanzia Jumatatu 1 Machi hadi Jumamosi 13 Machi. Kumi la mwisho linaanza karibu na wakati huo huo unapofika Malindi. Siku za kazi katika wiki hizo mbili ni 12, toa moja ya Idd, unakatwa 11. Siku ya Idd iwe Jumanne au Jumatano, hesabu haibadiliki.

Fomu yako iandike hivi: "Naomba likizo ya mwaka kuanzia Jumatatu 1 Machi hadi Jumamosi 13 Machi 2027. Ndani ya kipindi hiki imo Idd-ul-Fitr, ambayo ni sikukuu ya umma, na siku hiyo isihesabiwe kwenye likizo kwa tarehe yoyote itakayotangazwa. Hesabu za Februari nitazikabidhi kabla sijaondoka." Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko unavyodhani. Mtu wa hesabu anayeondoka mwanzoni mwa mwezi humtia bosi wasiwasi, na ukiutuliza wasiwasi huo ndani ya fomu yenyewe, nafasi ya kukataliwa inapungua sana. Ipeleke Novemba au Desemba 2026. Usingoje Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani.

Najua utauliza: nikipeleka Desemba na bado akatae? Mwajiri ana haki ya kusema tarehe fulani haimfai kwa sababu ya kazi, na akakupa nyingine. Hana haki ya kukataa kwa sababu sikukuu yenyewe ni ya Waislamu, maana kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi wa dini kazini. Tofauti ya hayo mawili mara nyingi huonekana kwenye sababu anayoiandika, kwa hivyo mwombe aiandike. Na una kitu cha kumpa. Katika ofisi nyingi za Nairobi, kila mtu anataka Desemba na Pasaka. Wewe jitolee kushika zamu wiki ya Pasaka, ambayo 2027 ni Ijumaa 26 hadi Jumatatu 29 Machi. Wenzako wanaotaka ile Jumamosi ya katikati wapate siku nne mfululizo watakushukuru, na Machi ya mwanzo watakushikia wewe. Nimeona ofisi zenye Wakristo na Waislamu zikiishi miaka na miaka kwa mapatano ya namna hii, na huwa ofisi tulivu.

Idd kubwa ina tabia tofauti na Idd ndogo. Huswaliwa siku ya 10 ya Dhulhija, kwa hivyo mwezi ukishaandama unajua tarehe kama siku tisa au kumi kabla. Huo ni muda wa kutosha kumthibitishia meneja. Kwa 2027 hesabu zinaelekea Jumapili 16 au Jumatatu 17 Mei. Ikiwa Jumapili, Arafa, siku inayotangulia Idd, ni Jumamosi 15. Ikiwa Jumatatu, Arafa ni Jumapili. Omba mapema siku moja ya likizo, useme itakuwa ama Jumamosi 15 ama Jumanne 18, na kwamba utathibitisha mwezi ukiandama.

Hapa nitakupa maoni yangu waziwazi, nawe una haki ya kuyakataa. Usisafiri Malindi kwa Idd kubwa mwaka huo. Utakuwa umekaa na wazazi wiki mbili nzima miezi miwili tu iliyopita. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480, kisha kama 120 hadi Malindi, na ukienda na kurudi kwa siku tatu, moja ni ya barabarani na nyingine ni ya usingizi. Swali Idd hapa Nairobi. Uwanja wa Sir Ali Muslim Club hujaa alfajiri ya Idd, watoto wamevaa kanzu mpya, na mkono wa Idd wanaupata vilevile. Bora zaidi, mlipie mama nauli aje. Wazazi wengi wa pwani hawajawahi kuiona nyumba ya mtoto wao Nairobi ikiwa na sikukuu ndani yake. Nyama ya kuchinja ikigawiwa kwa majirani wa ploti, dini yako itaeleweka zaidi kuliko kwa maelezo yoyote.

Uchaguzi mkuu ni Jumanne 10 Agosti 2027, kwa sababu Katiba imeuweka Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Siku ya kupiga kura hutangazwa kuwa mapumziko. 9 Agosti 2022 ilikuwa hivyo. Swali langu kwako ni moja: umejiandikisha wapi? Kama kura yako iko Malindi, utahitaji Jumatatu 9 ya kusafiri na Jumatano 11 ya kurudi, siku mbili. Kama unaishi na kufanya kazi Nairobi na hapa ndipo barabara na maji ya mtaa wako yanapoamuliwa, fikiria kuhamisha kituo mapema kabla ya muda wa kuhamisha kufungwa. Sikuamulii. Wako wenye sababu nzuri za kupiga kura walikozaliwa, na nauli ya wiki hiyo wanaijua. Nitahesabu mbili.

Desemba inabaki. Ofisi imefungwa kuanzia Krismasi, siku nne zimekatwa utake usitake, kwa hivyo zitumie. Hizo ndizo za Kakamega. Ongeza Ijumaa 24 Desemba iwe ya tano, ili msafiri Alhamisi usiku au Ijumaa asubuhi, si Krismasi yenyewe. Katani tiketi mapema, na msingoje kwenda kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus tarehe 23 jioni na watoto mikononi. Nauli hupanda maradufu na hata nafasi ya kusimama hugombewa. Tena nakuomba usiichukulie safari hii kama deni la mkwe. Umesema jamaa wote hukutana. Kwa Waluhya, Desemba ndiyo wakati ambao mambo ya ukoo husemwa: nani anaoa, nani amejenga, kaburi la nani linasakafiwa, watoto wa mjini wanatambulishwa kwa wazee. Mkeo akikosa miaka mitatu mfululizo, anakuwa mgeni kwao. Wewe unaogopa jambo lilo hilo kwa upande wa Malindi. Na waambie mapema kuhusu nyama, wakupe wewe kisu umchinje kuku. Katika nchi iliyo jirani na Mumias yenye Waislamu tangu zamani hakuna atakayeshangaa.

Hebu tujumlishe: 11 za Ramadhani na Idd, moja ya Idd kubwa, mbili za uchaguzi, tano za Desemba. Ni 19. Zinabaki mbili, na hizo nakusihi usizipangie kitu. Sheria yetu ya ajira haina likizo ya msiba. Kinachokupa siku za matanga ni mkataba wako au huruma ya mwajiri. Atakapofiwa jirani Malindi au shangazi Kakamega, zile mbili ndizo zitakazokupandisha basi bila kumwomba mtu. Zikipona hadi Desemba, zipeleke mwaka unaofuata kwa barua.

Utaona sikukutajia ile michezo ya kuunganisha sikukuu na wikendi ambayo watu hupenda. Ipo: Madaraka ya 2027 ni Jumanne 1 Juni, ukichukua Jumatatu 31 Mei unapata kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumanne. Mashujaa ni Jumatano 20 Oktoba, katikati ya juma, haiungani vizuri na chochote. Kwa mtu asiye na safari ya lazima, hesabu hizo ni nzuri. Kwako naona ndizo zilizokuwa zikikumaliza, siku moja moja, kwa sababu kila moja ilionekana ndogo. Madaraka na Mashujaa pumzika siku yenyewe, watembeze watoto, waeleze kwa nini 1 Juni 1963 na 20 Oktoba 1952 ni tarehe zinazokumbukwa, mrudi nyumbani.

Jambo moja hukuliuliza lakini siwezi kuliacha. Kama mna dada anayewasaidia nyumbani, sheria hiyo hiyo ya siku 21 inamhusu yeye pia, na sikukuu anazo. Nimeona wafanyakazi wanaodai haki zao kwa nguvu ofisini huku nyumbani kuna msichana ambaye hajaenda kwao Krismasi mbili. Mpango wenu wa 2027 ukiandikwa, jina lake liwemo kwenye karatasi hiyo hiyo, na tarehe zake, ajue mapema kama mama yake anavyotaka kujua.

Mpaka hapa nimechukulia kwamba mwajiri wako ni mtu wa kuzungumza naye, na barua yako inanionesha hivyo. Anza na meneja, kisha afisa wa rasilimali watu, yote kwa maandishi, hata kama mmeelewana kwa mdomo. Baadhi ya mambo, lakini, siwezi kuyaamua kutoka hapa. Nikiwa sijauona mkataba wako siwezi kusema kama kukatwa kwa siku za kufunga ofisi ni halali kwako, wala kama mnayo makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanayokupa zaidi ya 21. Yako makampuni ya Industrial Area yenye makubaliano hayo na wafanyakazi wasijue. Kama mna chama, mtafute mwakilishi wenu kwanza.

Kama umekatwa sikukuu kwenye likizo na ofisi inakataa kurekebisha, au umenyimwa likizo mwaka mzima, au umetishwa kazi kwa kuomba Idd, hapo nenda mwenyewe kwa afisa wa kazi. Wizara ya Kazi iko Social Security House, Bishops Road, nao watakuelekeza kwa afisa anayeshughulikia eneo lenu. Huhitaji wakili kwa hatua hiyo. Ukihitaji ushauri wa kisheria na huna uwezo wa kulipa, Kituo cha Sheria hapa Nairobi huwasaidia watu wa kipato cha chini. Nenda na barua ya ajira, karatasi za mshahara, fomu zote za likizo zilizokubaliwa na zilizokataliwa, na ile hesabu yako ya siku zilizokatwa, tarehe kwa tarehe. Malalamiko yasiyo na karatasi huchukua muda mrefu, na muda wa kudai una kikomo, kwa hivyo usiyaweke moyoni mpaka siku ya kuondoka. Ukinitumia kifungu cha likizo kilichomo kwenye mkataba wako, bila jina la kampuni, nitakisoma na kukujibu.